Kitenzi chenye sura mbili: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali lake, kwa ufupi: «Maalim, shikamoo. Naandika hadithi ya watu wa kisiwa chenye ukungu, na nimewatungia lugha yao, Kibelora, kwa mtindo wa lugha za Kikelti. Nimeshaandaa jedwali la kitenzi ‘beba’: nafsi sita kwa njeo tano, yaani nyakati tano za kitenzi, miisho thelathini. Wakati uliopo ni brenam, brenas, brenat, brenamos, brenates, brenant. Mwanzoni mwa hadithi nahodha anamwambia mgeni aliyesimama ufukweni, ‘Hatukubebi’, nami nimeandika Brenamos te ne. Nikiisoma naona haina uhai, kama Kiswahili kilichogeuzwa: viambishi vimetolewa mbele vikabandikwa nyuma. Nimekosea wapi? Na ile sauti ya v niiandike v, au bh kama wanavyofanya wao?»

Marahaba mwanangu. Jedwali lako nimelisoma lote, hata zile njeo nne ulizozipanga ukurasa wa pili. Si baya. Limepangwa kwa mkono wenye subira, na nitakuomba usilitupe, kwa sababu nina kazi nalo mbele huko. Ila umelitaka likupe kitu ambacho jedwali la miisho haliwezi kutoa. Miisho inayo kila lugha ya Ulaya. Kilatini kinayo, Kiitalia kinayo. Ladha ya Kikelti haikai nyuma ya kitenzi, inakaa mbele yake: katika vineno vidogo vinavyotangulia, na katika namna kitenzi kinavyobadilika uso kila kikitanguliwa.

Lugha za Kikelti zinazozungumzwa hadi leo ni sita, za mafungu mawili. Kuna Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi upande mmoja. Kiwelisi, Kikorni na Kibretoni upande wa pili. Nitachota zaidi Kiayalandi, kwa sababu humo jambo hili linaonekana waziwazi.

Tazama kitenzi chao bris, ‘vunja’. Briseann sé ni ‘yeye huvunja’. Ukikanusha unasema ní bhriseann sé, na ile bh hutamkwa v. Ukiuliza unasema an mbriseann sé?, na hapo mb hutamkwa m tu, b imemezwa. Mwisho -eann haukuguswa hata kidogo. Kilichobadilika ni herufi ya kwanza, na kimebadilishwa na neno lililotangulia: ní hulainisha, an huleta sauti ya puani. Mzungumzaji wa Kiayalandi akisikia v mwanzoni mwa kitenzi, tayari ameshajua ni mazungumzo ya aina gani.

Usiseme jambo hili ni geni kwako. Kitu kirefu, mtu mrefu, lakini kamba ndefu. Ile r imekwenda wapi? Imekutana na sauti ya puani ya ngeli ya kamba ikageuka d. Vitu viwili, kamba mbili. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Na kuna jambo zuri zaidi, ambalo wazee wa mwambao wanaotamka kwa makini bado wanalo: kaa wa pwani na kaa la moto hawatamki sawasawa. Kaa wa pwani ana pumzi baada ya k; kaa la moto halina. Pumzi ile ni athari ya sauti ya puani iliyokuwapo zamani mbele ya k. Sauti imeshapotea, alama yake imebaki.

Kiayalandi kimejengwa juu ya jambo hilihili. Bris! ni amri: vunja! Bhris sé ni ‘alivunja’. Hakuna kiambishi cha wakati uliopita. Kuna kulainika tu. Zamani mbele yake palikuwa na kineno do, ambacho kwa kuishia na irabu kililainisha b. Kineno kikaachwa kutamkwa, ulaini ukabaki kufanya kazi ya njeo. Na ushahidi upo wazi, kwani kitenzi kikianza na irabu hakuna cha kulainisha, na hapo do haikuondoka yote: d'ól sé, ‘alikunywa’.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako ni hili. Jedwali lako ulilolitunga usiliite Kibelora. Liite lugha ya mababu wa Wabelora, miaka elfu moja kabla ya hadithi yako. Kisha liache lizeeke.

Tulizeeshe pamoja. Tutumie kanuni tatu tu. Ya kwanza: b, d, t na m zikiwa kati ya irabu mbili hulainika, b inakuwa v, d inakuwa dh, t inakuwa th, m inakuwa v. (Na br tuihesabu kama b, kwa kuwa r haizuii kitu.) Ya pili: silabi ya mwisho ya neno huanguka, irabu na kilichoifuata. Ya tatu: irabu ya katikati isiyo na mkazo, kati ya vineno vilivyoshikana na kitenzi, nayo huanguka.

Chukua kineno ne cha kukanusha, ambacho wewe ulikiweka mwisho. Kilete mbele. Zamani ilikuwa ne brenat, ‘habebi’. Ne imeegemea kitenzi, kwa hiyo irabu yake si ya mwisho na haianguki, inailainisha b. Silabi ya mwisho ya kitenzi inaanguka. Unapata ne vren. Sasa tunga kineno cha kuuliza kilichoishia na n, tuseme san. San brenat: n inakutana na b, zinayeyuka zikawa m, mwisho unaanguka. Sa mren? ‘Je, anabeba?’ Wakati uliopita upe kineno ro, kisha kiache kipotee kama kile cha Waayalandi: ro brenat, ro vren, mwisho wake vren tu, ‘alibeba’. Lakini kikiwa kimekumbatiwa na kikanushi hakikupotea chote: ne ro brenat, ner vren, ‘hakubeba’. Waayalandi wana níor bhris, ‘hakuvunja’, na njia iliyoizaa ni hiyohiyo.

Bado hatujagusa palipo patamu.

Katika Kiayalandi cha kale, kile kilichoandikwa na watawa pembezoni mwa vitabu vya dini katika karne ya 8, kila kitenzi kilikuwa na sura mbili. Kikianza sentensi kilikuwa na sura moja; kikitanguliwa na kineno chochote kilikuwa na nyingine. Berid, ‘anabeba’. Ní beir, ‘habebi’. Maelezo yenye nguvu ni kwamba kitenzi kilichoanza sentensi kilifuatwa na chembe ndogo, na chembe hiyo ikaulinda mwisho wake usianguke. Kitenzi kilichotanguliwa hakikuwa na mlinzi, mwisho wake ukaliwa.

Na vitenzi vya kuunganishwa, kineno na mzizi pamoja, vilikwenda mbali zaidi. Do-beir, ‘anatoa, anatia’. Ní tabair, ‘hatoi’. As-beir, ‘anasema’, ní epir, ‘hasemi’. Mtu akitazama epir haamini kwamba ni neno lilelile as-beir. Sababu ni mkazo. Katika as-beir mkazo unakaa juu ya beir, nayo inabaki nzima. Ní ikitangulia, mkazo unarudi nyuma kwenye silabi ya kwanza, na beir iliyonyimwa mkazo inabanwa mpaka ikawa -pir.

Hapa nataka utulie kidogo, maana wanafunzi wangu wengi hufika hapa wakasema haya ni mambo ya watu wa kaskazini, sisi kitenzi chetu kimenyooka. Hakikunyooka hata kidogo. Anakula, lakini hali. Amekula, lakini akila. Ile ku imetoka wapi na imekwenda wapi? Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na vile viambishi -na-, -me-, -li-, -ta- havibebi mkazo. Kitenzi cha silabi moja kinahitaji cha kuubeba, ndipo ku ikabaki: a-na-KU-la. Kiambishi kinachoweza kuubeba mkazo kikiwapo, ku haina kazi: HA-li, a-KI-la. Hata ukitia kiambishi cha kitendwa, ‘chakula anakila’, ku inaondoka, kwa sababu ki imechukua mzigo. Mtoto wa miaka minne pale Wete hakosei kitu katika hayo, na hakufundishwa na mtu.

Tena kukanusha kwetu kunakivuruga kitenzi kuliko kwao. Nabeba, sibebi: mwanzo umebadilika na mwisho umebadilika. Alibeba, hakubeba: -li- haipo tena. Amebeba, hajabeba. Na tazama atakuja, kisha mtu atakayekuja. Hiyo taka iliyojitokeza ni kitenzi kutaka, ambacho ndicho kilichozaa -ta- ya wakati ujao. Katika sentensi ya kawaida kimesagika kikabaki -ta-. Ndani ya kirejeshi, umbo la zamani limehifadhika. Kitenzi chako mwenyewe kina sura ya kusimama na sura ya kuegemea. Waayalandi wa leo wamebaki nazo katika vitenzi vichache vya kila siku: chonaic mé, ‘niliona’, lakini ní fhaca mé, ‘sikuona’, chuaigh mé, ‘nilikwenda’, lakini ní dheachaigh mé, ‘sikwenda’.

Rudi Kibelora. Mpe kitenzi cha mwanzo wa sentensi mlinzi wake, chembe -es. Zamani: brenam-es, ‘nabeba’. M iko kati ya irabu, inakuwa v. Silabi ya mwisho -es inaanguka. Umebaki na brenav. Brenat-es inakuwa brenath, ‘anabeba’. Brenamos-es inakuwa brenavos, ‘tunabeba’.

Sasa vilevile vikitanguliwa na ne, bila mlinzi. Ne brenam: -am inaanguka, ne vren. Ne brenat: ne vren. Umeona? ‘Sibebi’ na ‘habebi’ vimekuwa kitu kimoja. Nafsi imeliwa. Usilie, wala usirudi kurekebisha kanuni ili zitengane. Ifanye lugha itafute dawa yake: weka kiwakilishi nyuma, ne vren mi, ‘sibebi’. Ndiyo maana Kiayalandi hadi leo kina mchanganyiko unaowasumbua wanafunzi, pengine nafsi imo ndani ya kitenzi, pengine imesimama peke yake: ólaim, ‘nanywa’, ni neno moja, lakini ólann tú, ‘wanywa’, ni mawili. Jedwali lililojaa sawasawa pande zote ni dalili ya lugha iliyotungwa jana.

Na ne brenamos: m inalainika, -os inaanguka, unapata ne vrenav. Peke yake brenav ni ‘nabeba’. Ikitanguliwa, vrenav ni ‘hatubebi’. Hilo lishike, nitalirudia.

Baada ya hapo nataka nahodha wako amtie yule mgeni ndani ya kitenzi. Wewe uliandika te nje, baada ya kitenzi, kama wafanyavyo Waingereza. Kiayalandi cha kale kilifanya kama sisi. Nom chara, ‘ananipenda’. Not chara, ‘anakupenda’. Hizo m na t ni ‘-ni-’ na ‘-ku-’ zetu, zimekaa palepale zinapokaa zetu, kati ya kilichotangulia na mzizi. Na ile no haina maana yoyote. Imewekwa tu ili kiwakilishi kipate pa kushika, kama ku ya anakula ilivyowekwa kubeba mkazo. Palipo na kikanushi, no haihitajiki, kwa kuwa ní inatosha kushikiwa.

Kwa Kibelora tunga kineno kitupu do. Do te brenat: t inalainika, irabu ya katikati inaanguka, b inalainika. Doth vren. A-ku-beba, do-th-vren. Sehemu kwa sehemu.

Nikuulize: watu wako wakiulizwa jambo, wanajibuje? Katika orodha yako ya maneno nimeona ya, ‘ndiyo’, na no, ‘hapana’. Yafute yote mawili. Kiayalandi hakina neno la ‘ndiyo’ wala la ‘hapana’. Mtu hujibu kwa kitenzi alichoulizwa. An ólann tú tae?, ‘wanywa chai?’ Ólaim, ‘nanywa’. Au ní ólaim, ‘sinywi’. Juzi nilikuwa Darajani, mbele ya meza ya pweza, mwanamke akamuuliza mwenziwe aliyekuwa akifunga kikapu, «Ushachukua?» Akajibiwa, «Nshachukua.» Hapakuwa na ndiyo wala naam. Hata hadithi zetu tunazifungua hivyo, kitenzi kikaitikiwa kwa kitenzi: Paukwa! Pakawa!

Na hiyo ‘ndiyo’ yenyewe ukiichambua si neno la kuitikia tu. Ni ndi- na -yo, ‘ni hiyo’. Kinyume chake siyo. Waayalandi, panapoulizwa swali la ‘ni’, kama ‘wewe ni mwalimu?’, hujibu is ea, ambayo maana yake ni ‘ni hivyo’, na kinyume chake ní hea. Lugha mbili zisizojuana zimefika mahali pamoja. Wabelora wako basi: Sa mren? Brenath. Au: Ne vren.

Njeo zako nyingine tatu, ile ya kuendelea na zile mbili za kutimia, nakushauri uziondoe kwenye miisho kabisa. Mwelisi hasemi ‘anaimba’ kwa kitenzi kimoja katika mazungumzo ya kawaida. Anasema Mae hi'n canu: yupo, yeye, katika kuimba. Mwayalandi anasema Tá sí ag canadh: yupo, yeye, kwenye kuimba. Na kutimia, Mwelisi anasema Mae hi wedi mynd, yupo baada ya kwenda, maana yake ‘amekwenda’. Kitenzi kinachonyambuliwa ni ‘kuwa’ peke yake. Kinachobeba maana ni jina.

Unadhani anaimba ni nini? Ni ana, yaani ‘yuko na’, na kitenzi-jina kilichopoteza ku yake. Ana kuimba. Ndiyo hiyo ku iliyong'ang'ania kwenye anakula na anakuja. Na nshachukua ya yule mwanamke wa Darajani ni kwisha iliyosagika: nimekwisha chukua, nimeshachukua, nshachukua. Hutahitaji mwalimu wa Kikelti akufundishe njeo zinavyozaliwa. Zinazaliwa mdomoni mwako kila siku. Chagua maneno mawili ya Kibelora, moja la ‘katika’ na moja la ‘baada ya’, na jina la kitendo, tuseme brenu, ‘kubeba’. Kama ‘katika’ ni a, itailainisha b: Es mi a vrenu, ‘ninabeba’, niko katika kubeba. Es ndiyo ‘kuwa’ niliyoiona kwenye orodha yako. Inatosha. Miisho kumi na minane umeshaipunguza.

Usisahau kunyambua vihusishi. ‘Nina kitabu’ kwa Kiayalandi ni tá leabhar agam, kitabu kipo kwangu, na agam ni neno moja lenye nafsi ndani: agam, agat, aige, aici, againn, agaibh, acu. Mgeni huona maajabu. Wewe una nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao tangu utotoni.

Vitenzi visivyofuata kanuni weka vichache, na viwe vile vinavyotumika kila saa: kuwa, kwenda, kuja, kuona, kupata. Kiayalandi kinahesabiwa kuwa navyo 11 tu. Hata sisi, vinavyokiuka kanuni katika kuamrisha ni kuja, kwenda na kuleta: njoo, nenda, lete.

Kuna umbo moja tena la Kiayalandi nisingependa ulikose, lile lisilomtaja mtendaji. Briseadh an fhuinneog: dirisha lilivunjwa. Lakini si kutendwa kama ‘lilivunjwa’ letu, maana dirisha halikugeuka kiima. Limebaki kitendwa, na aliyelivunja hayumo kabisa. Kilicho karibu nalo kwetu ni pale mtu anapoingia uani akauliza, «Kumepikwa nini leo?» Kwa watu wa kisiwa chenye ukungu, wanaoogopa kutaja majina, umbo hilo lina nafasi kubwa.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Pemba, wape Wabelora vijiji viwili visivyosema sawa. Nyumbani utasikia kaja baba, kitenzi mbele. Skuli utaandika baba amekuja. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, lakini kaja haikufa kwa hilo, na wala si kosa. Ayalandi nako kanuni rasmi ya sarufi na tahajia ilichapishwa mwaka 1958, ikaweka d'ól mé, ‘nilikunywa’. Watu wa Munster, kusini, wanaendelea na d'ólas, nafsi ikiwa ndani ya kitenzi kama zamani. Basi kijiji cha kaskazini kiseme brenav, na cha kusini kiseme brenath mi, na watambuane kwa hilo kabla ya kuonana uso.

Sasa nahodha wako. Zamani ingekuwa ne te brenamos, ha-ku-beba-sisi. T inalainika, irabu yake inaanguka, b inalainika, m inalainika, -os inaanguka. Neth vrenav. ‘Hatukubebi.’ Maneno mawili badala ya matatu, na hakuna sauti ndani yake isiyo na sababu. Isome kwa sauti, kisha usome ile yako ya mwanzo.

Swali lako la mwisho, v au bh. Waayalandi huandika bh ili mzizi usipotee machoni: bád ni chombo, a bhád ni chombo chake yeye mwanamume, a bád ni chombo chake yeye mwanamke, a mbád ni chombo chao. B haijafichwa popote. Wawelisi huandika kinachosikika: bara, ‘mkate’, dy fara, ‘mkate wako’, fy mara, ‘mkate wangu’, na hiyo f yao ni v. Msomaji mgeni haoni hata kama ni neno lilelile. Katika daftari lako la kamusi, fuata Waayalandi, mizizi isikupotee. Th na dh waachie hivyo hivyo, kila mtu wa Visiwani anazitamka.

Lakini ndani ya hadithi andika v, na sababu yangu ni yule mgeni. Umesema amekaa kisiwani siku tatu tu. Neno alilolisikia kwa wapagazi ni brenav, ‘nabeba’, ‘nitabeba mimi’. Hajui neth, hajui kulainika. Nahodha anapomwambia Neth vrenav, sikio lake linashika lile analolijua, naye anainua mzigo wake, anakanyaga maji, anaingia chomboni.